Pazia la Jicho na Jina Lake

Leo tuliangalie jicho. Chukua kioo, simama mlangoni penye mwanga, ujitazame. Kama kioo hakuna, mwite mwenzako mtazamane. Msicheke. Tunaanza.

Kwanza utaona sehemu nyeupe. Ndani ya weupe huo kuna duara. Wengi tunasema duara hilo ni jeusi, na mtu tunamsifu kwa macho yake meusi. Lakini sogea karibu zaidi. Duara lile siyo jeusi lote. Sehemu ya nje ina rangi ya udongo, au ya kahawa iliyokaangwa. Katikati yake ndipo penye doa dogo jeusi kabisa. Kwa hiyo hapo pana vitu viwili. Kimoja ni pete yenye rangi. Kingine ni lile doa la katikati.

Na hilo doa, kumbe siyo kitu. Ni tundu.

Utauliza, tundu linakuwaje jeusi? Fikiria nyumba ya udongo yenye dirisha dogo. Simama uwanjani saa sita mchana, ulitazame dirisha hilo kwa mbali. Utaliona jeusi. Je, kuna mtu amelipaka masizi? Hapana. Ndani kuna giza, na mwanga ulioingia hautoki tena kuja kwenye macho yako. Jicho ni hivyo hivyo. Ni chumba kidogo cha mviringo, na lile doa ni dirisha lake. Mwanga unaingia hapo, unafika ukuta wa nyuma, na ukuta huo unapeleka habari kwenye ubongo.

Ile pete ya rangi ndiyo pazia la dirisha. Mbele ya pazia kuna ngozi nyororo inayopitisha mwanga, mfano wa kioo cha saa ya mkononi. Ngozi hiyo huioni kwa sababu ni safi. Nyuma ya pazia kuna lenzi, yaani kioo kidogo kinachokusanya mwanga ili tuone vizuri. Sasa tumeshakizunguka chumba chote. Turudi kwenye pazia, maana leo hilo ndilo tumekuja kulizungumza: kazi yake, magonjwa yake, na jina lake. Tuanze na jina.

MBONI NA KUONA

Kwa Kiswahili tunasema mboni. Lakini ukiwauliza watu watatu mboni ni ipi, unaweza kupata majibu matatu. Mmoja atakuonyesha lile tundu. Wa pili atasema ni ile pete. Wa tatu atasema ni vyote viwili pamoja. Hakuna wa kumcheka, kwani hata vitabu havikubaliani. Vitabu vingine vya shule huita pete hiyo irisi, na neno mboni huliachia tundu. Katika makala haya tutafanya hivi: tundu tutaliita mboni, na pete tutaiita pazia.

Neno mboni ni la kwetu, na ni la zamani sana. Linatokana na kuona. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, mboni na ona, utayasikia yanafanana. Ila moja lina b na jingine halina. Hiyo b imetoka wapi?

Jibu liko katika maneno tunayoyasema kila siku. Tunasema watu wawili. Tunasema viti viwili. Lakini nyumba, tunasema nyumba mbili. Kwa nini hatusemi nyumba wili? Sababu ni kwamba zamani sana, kabla Kiswahili hakijawa Kiswahili, mzizi wa neno hilo ulikuwa na b: bili. Miaka ikapita. Pale b iliposimama peke yake, ndimi za wazee wetu ziliilainisha ikawa w. Pale ilipotanguliwa na m, ile m iliikinga, nayo ikabaki hadi leo. Ndiyo maana tuna wawili lakini mbili. Ndiyo maana wazee wa pwani walisema uwingu kwa moja, na mbingu kwa nyingi.

Kuona nako kulipita njia hiyo hiyo. Zamani ilikuwa bona. Ile b ikalainika, mwisho ikapotea kabisa, tukabaki na ona. Lakini ndani ya neno mboni, m iliilinda. Kwa hiyo mboni ni kama kisanduku kilichohifadhi sauti ya mababu.

Kama huamini, wasikilize majirani. Mnyarwanda na Mrundi wanasema kubona, maana yake kuona. Mzulu wa Afrika Kusini, mbali huko, naye anasema ukubona, na salamu yake ya kila siku, sawubona, maana yake ni kwamba tumekuona. Sisi tulioidondosha ile b tunadhani tunasema tofauti. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

JINA LA UPINDE WA MVUA

Sasa tulitazame jina la pili, irisi. Hili ni geni. Lilitoka kwa Wayunani, watu wa nchi ya Ugiriki, likapita katika Kilatini, likaenea Ulaya nzima, halafu likafika kwenye vitabu vyetu vya shule. Kwa Kiyunani iris maana yake ni upinde wa mvua.

Wayunani wa kale walikuwa na miungu mingi. Mmojawapo alikuwa mungu wa kike aliyeitwa Iris. Kazi yake ilikuwa ya tarishi: kuchukua ujumbe wa miungu na kuuleta kwa watu. Upinde wa mvua ulikuwa alama yake. Huku Afrika, wazee wa makabila mengi walisema upinde ni nyoka mkubwa atokaye majini. Kila watu na hadithi yao. Upinde ni kitu cha ajabu mno, hauwezi kukosa hadithi.

Lakini upinde na jicho vinahusianaje? Wakazi wa Uluguru wanaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengi, kwa sababu milima yao inapata mvua nyingi, hasa upande wa mashariki unaoelekea bahari. Mito mingi inaanzia huko. Maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka katika milima hiyo.

Ili uone upinde, jua liwe nyuma yako na mvua iwe mbele yako. Jua nalo liwe limeinama, siyo la utosini. Kwa hiyo mtu wa Morogoro mjini, ambaye milima iko upande wake wa kusini na mashariki, atauona upinde mlimani jioni, jua linapoelekea kuzama. Mtu wa Matombo au Kinole, ambaye yuko upande wa pili wa milima, atauona mlimani asubuhi, jua linapochomoza nyuma yake. Milima ni ile ile, ila saa ni tofauti. Watu hawa wawili wanaweza kubishana kutwa nzima kuhusu upinde hutokea saa ngapi, na wote wakawa na haki.

Jambo jingine ni hili. Upinde siyo nusu duara. Ni duara zima! Ardhi ndiyo inayoukata tusiione sehemu ya chini. Mtu aliye ndani ya ndege, au aliyesimama kileleni huku mvua ikinyesha chini yake, anaweza kuuona unavyozunguka. Upinde ni pete ya rangi.

Basi hapo ndipo Wayunani walipolichukua neno. Walilitumia kwa upinde wa mvua, na pia kwa duara za rangi, kama ile inayozunguka mwezi wakati wa mawingu mepesi, au ile inayozunguka mwanga wa taa. Halafu wakalitumia kwa pete ya jicho. Tabibu mmoja, Rufus wa Efeso, aliyeishi yapata mwaka 100 baada ya Kristo, aliandika kitabu kizima cha majina ya viungo vya mwili, kwa ajili ya wanafunzi wa uganga. Neno hilo limo humo. Huyu Rufus tunampenda. Aliona kwamba mwanafunzi lazima ajue kila kiungo kinaitwaje kabla hajaanza kukitibu.

Waarabu nao wanaiita pete hiyo kwa jina lililotokana na upinde wa mvua wa lugha yao. Na yako maua yanayoitwa iris, kwa ajili ya rangi zake nyingi. Hata madini moja adimu yaliitwa iridiamu, kwa sababu chumvi zake zilionyesha rangi mbalimbali.

Lile tundu la katikati nalo lina hadithi yake. Mtazame mwenzako machoni kwa karibu. Utamwona mtu mdogo sana ndani ya mboni yake. Mtu huyo ni wewe mwenyewe, sura yako imeakisiwa kama kwenye kioo. Warumi wa kale walimwona mtu huyo, wakaliita tundu kwa neno lenye maana ya binti mdogo, au mwanasesere. Waarabu wakasema mtu wa jicho. Na sisi je? Sisi tunasema mtoto wa jicho, lakini kwetu hilo ni jina la ugonjwa: ule ukungu mweupe unaoziba lenzi, hasa kwa wazee. Watu walitazama mahali pamoja, kila mmoja akamwona mtu humo ndani, lakini wetu ni mtoto asiyependwa.

KAZI YA PAZIA

Turudi kwenye pazia lenyewe. Linafanya nini?

Jaribu hivi. Ingia chumba chenye giza kidogo pamoja na mwenzako. Kaeni dakika chache. Kisha mmulike kwa tochi, hata ya simu, kutoka upande. Usimsogezee karibu wala usikawie. Utaona mboni yake inafumba haraka, inakuwa ndogo. Ondoa tochi, nayo itapanuka tena pole pole. Wenye macho ya rangi iliyokolea wanasumbua kidogo kuwaona, kwa hiyo tazama kwa makini.

Mboni yenyewe haikusogea, kwa sababu tundu haliwezi kusogea. Ni pazia lililokaza. Ndani ya pazia hilo kuna misuli ya aina mbili. Mmoja umezunguka tundu kama kamba ya mdomo wa mfuko. Ukivutwa, mdomo wa mfuko unafumba. Mwingine umetandazwa kutoka katikati kwenda nje, kama njiti za gurudumu la baiskeli. Huo ukivuta, tundu linapanuka. Penye jua kali, mboni hubaki na upana wa milimita 2 hivi, sawa na punje ya ulezi. Gizani huweza kufika milimita 8 kwa kijana, karibu na punje ya hindi. Hapo mwanga unaoingia ni mara 16 ya ule wa mwanzo.

Sasa rudia jaribio, lakini mulika jicho moja tu na utazame lile jingine. Nalo litafumba! Macho mawili yanapokea amri moja kutoka ubongoni. Ndiyo maana waganga wa hospitali humulika macho ya mtu aliyezimia. Wanapima ubongo kwa kupitia dirishani. Kama mtu ameanguka na bodaboda akagonga kichwa, na mboni yake moja ni kubwa kuliko nyingine, hiyo ni hatari kubwa. Asilazwe nyumbani apumzike. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wazee pazia halifunguki sana kama la kijana. Mboni ya mzee hubaki ndogo hata gizani. Hili linatuhusu sisi tunaosoma usiku. Mzee wa miaka 60 anahitaji mwanga mwingi zaidi ya mjukuu wake ili asome ukurasa ule ule. Tena mboni ikiwa ndogo kwa sababu ya mwanga mkali, herufi huonekana wazi zaidi. Kwa hiyo mzee anayetoka na gazeti lake uwanjani kwenye mwanga haoni aibu bure, anafanya jambo la akili. Watu waliopita miaka 40 wana shida nyingine pia, ya lenzi kuwa ngumu, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Wapo walioacha kusoma wakidhani wamesahau herufi. Hawakusahau. Walikosa miwani.

Kabla hatujaendelea, wasomaji wa Mgeta wenye mbuzi wa maziwa wakatazame macho ya mbuzi wao. Mboni ya mbuzi siyo duara. Ni ufa uliolala, kama tundu la sanduku la barua. Kwa ufa huo mbuzi anaona upande huu na upande ule kwa mara moja, ili adui asimvizie. Na akiinamisha kichwa kula majani, jicho linazunguka ili ule ufa ubaki umelala sawa na ardhi. Paka ufa wake umesimama. Yeye ni mwindaji.

RANGI YA PAZIA

Rangi ya pazia ni rangi ile ile ya ngozi na nywele. Mwili una rangi moja ya kahawia inayotukinga na jua. Ikiwa nyingi kwenye pazia, macho yanakuwa ya kahawia iliyokolea, kama ya wengi wetu. Ikiwa kidogo, yanakuwa ya asali au ya kijani. Ikiwa kidogo sana, yanaonekana ya buluu, kama ya Wazungu wengine. Eti watu hudhani ndani ya jicho la buluu mna rangi ya buluu. Hamna. Ni kama mbingu. Ukipanda hadi juu kabisa hutakuta rangi huko, ni mwanga tu unavyotawanyika.

Sura ya pazia, yaani mistari yake na vishimo vyake, haifanani kwa watu wawili hata wakiwa mapacha. Siku hizi zipo mashine zinazopiga picha ya pazia la jicho na kumtambua mtu, kama tunavyofanya kwa alama ya kidole gumba. Wakimbizi katika kambi nyingi duniani wamesajiliwa kwa njia hiyo.

Lakini rangi siyo urembo tu. Pazia la nyumbani likiwa zito, mwanga unapita dirishani peke yake. Likiwa jepesi kama chandarua, mwanga unapenya kila mahali. Hiyo ndiyo hali ya macho ya watu wenye ualbino.

Mtu mwenye ualbino amezaliwa na mwili usiotengeneza rangi hiyo, au unaoitengeneza kidogo mno. Ameirithi hali hiyo kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao ni weusi. Pazia lake halina rangi ya kutosha. Mwanga hauingii kwa mboni tu, unapenya hata kwenye pazia lenyewe. Jua la mchana linamuumiza. Ndiyo sababu anafumba macho na kukunja uso. Hana hasira wala dharau. Tena ukuta wa nyuma wa jicho lake haukukamilika vizuri, kwa hiyo vitu vya mbali havioni sawasawa, na macho yake hucheza cheza. Miwani humsaidia kidogo lakini haimalizi shida.

Tulisema jambo hili kwa urefu kwa sababu linagharimu maisha ya watu. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa ajili ya ushirikina. Waliosema eti watu hawa siyo watu wa kawaida walikuwa hawajui kwamba tofauti yote ni rangi iliyokosekana. Wapo pia watoto ambao hawakuuawa na mtu, lakini waliachishwa shule. Mtoto aliwekwa nyuma ya darasa. Hakuona ubao. Mwalimu akasema hana akili, mzazi akaamini.

Mtoto huyo akalishwe mbele, dirisha liwe nyuma yake ili mwanga usimpige usoni. Aruhusiwe kuusogelea ubao. Avae kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu, maana ngozi yake nayo haina kinga na hupata saratani upesi. Shambani afanye kazi za asubuhi na mapema, au jioni. Mzazi asiseme mtoto anadeka.

PAZIA LINAPOUGUA

Pazia la jicho linaweza kuvimba. Jicho linakuwa jekundu, hasa kuzunguka ile pete. Linauma kwa ndani. Mwanga haliutaki. Machozi yanatoka lakini hakuna tongotongo nyingi. Mboni inakuwa ndogo kuliko ya jicho la pili, na pengine haiwi duara tena, inakunjamana. Hii ni kwa sababu pazia lililovimba linagandamana na lenzi iliyo nyuma yake. Likikaa siku nyingi bila dawa, haliachii tena, na mtu anaweza kupofuka.

Wengi wetu tukiona jicho jekundu tunasema ni macho mekundu yale ya kuambukizana, yatapita. Yale ya kuambukizana kwa kawaida yana tongotongo nyingi, yanawasha, lakini mtu anaona vizuri. Hili la pazia linauma, na macho hupungua kuona. Jifunze tofauti hiyo. Na usiende dukani kununua dawa ya matone aliyotumia jirani. Dawa nyingine zinazotuliza wekundu huliharibu jicho kama ugonjwa ni mwingine. Maji ya majani, mkojo, na vitu vingine vya kienyeji visiingie machoni kabisa. Tunajua vimerithiwa kwa wazee, nasi wazee tunawaheshimu, lakini ngozi ile nyororo iliyo kama kioo ikipata kidonda inabaki na kovu jeupe mbele ya dirisha.

Katika mkoa wetu wa Morogoro kuna usubi pia. Mahenge, wilayani Ulanga, ugonjwa huu umejulikana kwa miaka mingi. Usubi huletwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, na huuma mchana. Wanaingiza minyoo mwilini. Watoto wa minyoo hiyo hutembea chini ya ngozi, mtu anawashwa sana, na wengine hufika kwenye macho. Huko huivimbisha ngozi ya mbele na pazia pia. Dawa yake ni vidonge vinavyogawiwa bure vijijini, na idadi ya vidonge hupimwa kwa urefu wa mtu. Kampuni inayotengeneza dawa hiyo iliamua mwaka 1987 kuitoa bila malipo. Watu wengine wanameza mwaka mmoja, mwaka wa pili wanakataa, wakisema tayari wamepona. Kidonge kinaua watoto wa minyoo. Minyoo mikubwa inaishi mwilini miaka 10 na zaidi, ikizaa tena. Ndiyo maana mgawaji anarudi kila mwaka.

Basi ukienda zahanati, usimwambie mganga kwamba jicho linauma tu. Mweleze ni lini lilianza. Mwambie kama mwanga unaliumiza. Mwambie kama kuna kitu kililipiga au kuliingia. Mwambie weupe uliouona uko wapi: juu ya ngozi ya mbele, ambapo unalifunika pazia, au ndani kabisa kwenye mboni. Kwa mzee, weupe ndani ya mboni mara nyingi ni mtoto wa jicho, na unatibika kwa upasuaji. Wengi waliokuwa wakishikwa mkono wamerudi kutembea wenyewe.

Kwa mtoto mdogo, weupe ndani ya mboni ni jambo jingine. Pengine unauona gizani tu, unang'aa kama jicho la paka. Pengine unaonekana kwenye picha ya simu, jicho moja likiwa na mboni nyekundu au nyeusi na jingine nyeupe. Unaweza kuwa mtoto wa jicho aliyezaliwa naye, na huo usipoondolewa mapema, ubongo wa mtoto hautajifunza kuona hata akipasuliwa baadaye. Au unaweza kuwa saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5. Ikigunduliwa mapema mtoto anapona. Ikichelewa inatoka jichoni, inaenda ubongoni. Mtoto wa namna hiyo haumwi, anacheza kama wenzake, kwa hiyo ni rahisi kusema tungoje tuuze mahindi kwanza. Mahindi yasingojewe. Zahanati wataandika barua ya kwenda hospitali ya mkoa mjini Morogoro, na kutoka huko anaweza kupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Mtoto aondoke wiki hiyo hiyo.